Usukani wa Boxer kwa mtu mrefu: usichomelee, pima kwanza

Msomaji wa Dodoma anauliza: "Naendesha bodaboda, Boxer BM150, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Urefu wangu ni futi sita na inchi mbili. Ikifika jioni mabega yanauma na vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Fundi wa mtaani anasema ataukata usukani, aongeze bomba na kuchomelea ili uinuke. Wenzangu kijiweni wananiambia nifunge usukani wa pikipiki za porini. Nifuate lipi, na nyaya zitafika?"

Kaka, pole na kazi. La fundi likatae leo hii. Usukani ni bomba jembamba la chuma, na sehemu inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote ni pale linapotoka kwenye vibano vya katikati. Ukichomelea, chuma kilicho kando ya chomeo kinapoteza uimara wake wa awali, na rangi ya kromu isiposuguliwa ikaisha inaingia ndani ya chomeo na kuliharibu. Siku ya kwanza utaona kazi nzuri. Baadaye ufa mwembamba kama unywele unaanza pembeni ya chomeo, unakua kila unapopiga tuta, na siku usukani utakapokatika ni siku uliyoshika breki kwa nguvu, kwa sababu ndipo mikono inapousukuma usukani kuliko wakati wowote. Abiria yuko nyuma yako. Hakuna namna ya kuchomelea usukani ninayoweza kukuambia ni salama, hata ukiwekewa kipande cha nondo ndani. Usukani uliopinda kwa ajali nao usinyooshwe, unabadilishwa.

Hilo la usukani wa porini linawezekana, ila lisikutangulie. Kwanza tujue kinachokuumiza ni nini.

Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete inatokana na mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Unabanwa pale unapoegemea gripi kwa uzito wa kifua. Mtu mrefu kwenye usukani wa chini anainama, mgongo unashindwa kumbeba, mikono ndiyo inageuka nguzo. Ingekuwa ganzi ya dole gumba, shahada na cha kati, ningekuambia tatizo ni kifundo cha mkono kilichokunjwa, na dawa yake ni kugeuza mikono ya breki na klachi, si kuinua usukani. Kwa hiyo maelezo yako yanaelekea kwenye urefu wa usukani. Lakini angalia na siti. Sponji ya siti ya bodaboda ikishabonyea, mara nyingi inabonyea mbele, na siti inakuwa mteremko wa kukupeleka kwenye tangi. Unazuia mteremko huo kwa mikono kutwa nzima bila kujua. Weka chupa ya maji ikiwa imelala juu ya siti, pikipiki ikiwa imesimama kwa stendi ya katikati mahali tambarare. Ikibiringika kwenda kwenye tangi, mpelekee fundi wa siti ajaze sponji ngumu upande wa mbele kabla hujagusa usukani. Ni kazi ndogo na inaweza kumaliza nusu ya maumivu.

Sasa kipimo. Chukua mti wa fagio. Panda pikipiki ikiwa kwenye stendi ya katikati, miguu juu ya pedali, kaa unavyokaa ukiwa na abiria. Fumba macho, shusha mabega, viwiko vilegee kidogo, halafu ushike ule mti mbele yako pale mikono inapopenda yenyewe. Usiutafute usukani. Mwenzako apime kwa futi vitu viwili: mti uko juu ya gripi za sasa kwa sentimita ngapi, na umerudi nyuma kwako kwa sentimita ngapi. Rudia mara tatu, maana mara ya kwanza kila mtu anajinyoosha kama anapigwa picha. Mtu wa urefu wako hatashangaa kukuta sentimita 3 mpaka 5 kwenda juu na 2 mpaka 4 kurudi nyuma. Andika namba zako, ndizo utakazokwenda nazo dukani.

Kabla ya dukani, swali lako la nyaya. Hapa ndipo wengi wanapoumia: wananunua usukani kwa macho, wanafika nyumbani wanakuta waya wa klachi umevutika kama uzi wa gitaa. Kinachoamua usukani wako uinuke kiasi gani ni waya mfupi kuliko zote, na unaweza kuujua bila kununua chochote. Fungua bolti za vibano vya usukani wa sasa, uutoe usukani ukiwa na kila kitu chake, swichi, mikono na nyaya. Mwenzako auinue mpaka pale mti wa fagio ulipokuwa na aushike hapo. Wewe geuza gurudumu la mbele kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho, yeye akilifuata kwa usukani. Tazama waya wa klachi, waya wa mafuta (unaovutwa na gripi ya kulia), waya wa breki ya mbele, na furushi la nyaya za umeme linaloingia kwenye bakuli la taa. Ulionyooka kabisa, au unaovuta mkono wake, ndio unaokuwekea mpaka.

Kwa kawaida sentimita 2 mpaka 3 zinapatikana bila kununua waya, kwa kuupitisha tu njia nyingine: kuutoa kwenye kishikizo kimoja, au kuupitisha mbele ya shokapu badala ya nyuma. Angalia tu waya usije ukapita pale chuma cha kuzuia usukani kinapogonga fremu, kwani siku moja waya huo utakatwa. Ukifika sentimita 5, jiandae kununua nyaya ndefu. Na usidanganyike na ajasta. Ile skrubu iliyo kwenye mkono wa klachi ni ya kurekebisha uchezaji, si ya kurefusha waya. Ikibaki imeshikwa na nyuzi mbili tatu za skrubu inang'oka.

Ukinunua waya mrefu, usiangalie urefu wa jumla peke yake. Uweke sambamba na ule wa zamani. Vichwa vya risasi vya ncha zote mbili viwe vya umbo na unene uleule, na kipande cha waya wa ndani kinachobaki nje ya ganda kiwe na urefu uleule ukivuta. Ganda likiongezeka sentimita 6, waya wa ndani nao uongezeke 6 kamili. Pungufu, klachi haitashika, zaidi, haitaachia. Kile kibano kidogo cha skrubu ambacho mafundi wanakifunga mwisho wa waya uliokatika ni cha kukufikisha nyumbani. Kwenye breki ya mbele kisiwekwe hata siku moja.

Kama pikipiki yako ina breki ya diski mbele, kuna bomba la mafuta ya breki badala ya waya. Bomba hilo halivutwi hata kidogo. Likikaza gurudumu likiwa limegeuzwa mwisho, au shokapu zikiwa zimenyooka, nunua refu, kisha mfumo utolewe hewa upya kwa mafuta ya breki ya DOT (daraja la mafuta hayo) iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo chake. Yakidondokea tangi yanababua rangi, kwa hiyo tandika blanketi kuukuu na uwe na maji karibu.

Sasa chagua. Kama mti wa fagio umesema sentimita 3 kwenda juu na nyuma karibu hakuna, usinunue usukani. Nunua vipandishio, vile vitofali vya aluminiamu vinavyokaa chini ya usukani. Swichi hazifunguliwi, gripi hazichanwi, saa moja umemaliza. Sharti lake ni bolti: kipandishio cha milimita 30 kinataka bolti ndefu kwa milimita 30 kuliko za mwanzo, ngumu, zenye namba 8.8 au zaidi kichwani. Bolti ya kipenyo cha milimita 8 izame angalau milimita 12 ndani ya nyuzi za aluminiamu. Kama ni mizunguko mitatu tu, hiyo haijafungwa.

Kama unahitaji na kurudi nyuma, hapo ndipo usukani mpya unapoingia, na huo wa porini tuupime. Faida yake ni mwinuko. Hasara zake ni mbili. Mara nyingi ni mpana, na wewe unapenya foleni. Mikono ikitanuka sana mabega yanayouma yatauma zaidi. Pili, ncha zake huwa zimenyooka kando badala ya kurudi kwako, kwa hiyo unapata urefu na kupoteza ukaribu. Kwa kazi yako ningetafuta ule unaoitwa wa kukaa wima, wenye ncha zinazorudi nyuma, wa upana uleule wa sasa au ulioongezeka sentimita 2 tu kila upande. Ukiwa mpana unakatwa, sawasawa pande zote, sentimita moja moja. Lakini pima sehemu iliyonyooka ya ncha kabla ya kukata: gripi, swichi na kishikio cha mkono wa breki vinahitaji karibu sentimita 20 za bomba lisilo na kona.

Unene ndio usiokubali makosa. Pikipiki nyingi za kazi zinatumia bomba la milimita 22 kuanzia kwenye gripi mpaka katikati. Zipo sukani za milimita 22 kwenye gripi lakini katikati zimenenepa mpaka 25.4 au 28.6. Nenda na kalipa (kifaa cha kupimia unene), au funga uzi kulizunguka bomba katikati na uupime: milimita 69 maana yake ni bomba la 22. Usukani mwembamba kwenye kibano kipana haufungwi kwa kuzungushia bati la kopo la soda. Unakaza leo, unazunguka mkononi wiki ijayo.

Kufunga kwenyewe si kugumu ukifuata mpangilio. Piga picha kila upande kwa simu kabla ya kufungua. Toa waya hasi wa betri, kwa sababu utafungua swichi. Toa saitimira. Gripi zinatoka bila kukatwa: ingiza bisibisi nyembamba isiyo na makali chini yake, nyunyizia maji ya sabuni, zungusha huku ukivuta. Fungua swichi, legeza vishikio vya mikono, chomoa waya wa mafuta, na kama kuna kikopo cha mafuta ya breki kiache kimesimama wima. Kikilala kinaingiza hewa.

Weka usukani mpya kwenye vibano, uhakikishe sehemu ya katikati yenye vijimeno ndiyo inayobanwa, na pande zote mbili zimetokeza sawa. Vifuniko vya vibano ukivitazama kwa karibu utaona vingine vina kidoti au mshale. Hicho kinatazama mbele. Kaza bolti za mbele kwanza mpaka mwisho, halafu za nyuma, na uwazi mdogo utabaki nyuma. Visivyo na alama vinakazwa kwa zamu, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka uwazi wa mbele na wa nyuma uwe sawa. Kama huna spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), tumia hii: kwa bolti ya milimita 8 unahitaji kama Nm 20 (Nm ni kipimo cha nguvu hiyo). Ukiwa na spana ya urefu wa sentimita 20, hiyo ni nguvu ya kuinua ndoo ya maji ya lita 10 kwa mkono unaoshika mwisho wa spana. Kwa bolti za milimita 6 za vishikio vya mikono, nusu yake, ndoo ya lita 5. Anayeongeza bomba kwenye spana anavunja nyuzi za aluminiamu, na nyuzi hizo zikitoka umeharibu kichwa chote cha usukani.

Swichi nyingi zina kipini kidogo ndani kinachoingia kwenye tundu la usukani ili zisizunguke. Usukani mpya mara nyingi hauna tundu hilo. Njia ya mkato ni kukikata kipini kwa plaizi. Usikikate, hasa upande wa mafuta: nyumba ya mkono wa mafuta ikizunguka, inauvuta waya na pikipiki inapanda moto wakati hujataka. Toboa. Paka dawa ya meno kidogo kwenye ncha ya kipini, funga swichi mahali unapoitaka bila kukaza, fungua, na utaona kidoti cheupe kwenye bomba. Piga hapo senta panchi, anza na drili ya milimita 3, malizia kwa kipimo cha kipini, kwa kawaida 4 au 5. Kwa sababu hiyo usitoboe kabla hujakaa juu ya siti na kuridhika na pembe ya usukani. Ukikosea, tundu la pili liwe mbali na la kwanza. Matundu mawili yaliyokaribiana ni mahali pa kukatikia. Sugua kingo kwa tupa ili zisichune nyaya.

Gripi ya kulia inakaa juu ya bomba la plastiki la mafuta, na shimo lake ni kubwa kuliko la kushoto, ukizibadilishana zitakusumbua. Ya kushoto ipake gundi. Ya kulia gundi iwe kidogo, isichuruzike chini ya plastiki, na iache nafasi ya milimita 1 au 2 kati ya mwisho wa gripi na mwisho wa usukani. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoruhusu mafuta yarudi yenyewe.

Mikono ya breki na klachi igeuze ukiwa umekaa, vidole vimenyooshwa juu yake: kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole uwe mstari mmoja, kifundo kisikunjwe juu wala chini. Kwa mtu mrefu mikono hiyo huwa inainama chini zaidi ya ilivyotoka kiwandani.

Sasa majaribio, na haya usiyafanye kwa haraka. Injini imezimwa, pikipiki kwenye stendi ya katikati. Fungua mafuta mpaka mwisho na uachie: yarudi yenyewe kwa kishindo, usukani ukiwa katikati, kulia mwisho, na kushoto mwisho. Kisha washa, gia huru, usiguse mafuta, kata taratibu kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Sikiliza sauti ya injini. Ikipanda hata kidogo unapokata upande mmoja, waya wa mafuta ni mfupi au umepita vibaya, na ukiingia barabarani hivyo, siku utakapokata kona kali kwenye mzunguko pikipiki itakukimbiza yenyewe. Usitoke mpaka sauti ibaki ileile. Mkono wa mafuta uwe na uchezaji wa milimita 2 mpaka 6 kwenye ukingo wa gripi. Klachi iwe na milimita 10 mpaka 20 kwenye ncha ya mkono wake, na breki ya dramu milimita 20 mpaka 30. Usukani ukiwa mwisho, kidole gumba kisibanwe kati ya swichi na tangi. Washa indiketa, taa, honi na taa ya breki kwa kila mkao.

Nyaya za umeme zikiwa fupi, fungua bakuli la taa. Mara nyingi kuna ziada imekunjwa ndani. Kama lazima uunge, unga kwa risasi na waya wa unene uleule, uzibe kila kiungo peke yake, na viungo visikae sehemu moja vyote. Kusokota na kuzungushia selotepu kunakufa kwa mvua ya kwanza.

Ukitoka, nenda peke yako bila abiria, kilomita tano za barabara tupu, ukianza na breki za taratibu. Usukani ukiinuka, upepo unakupiga kifua zaidi na uzito wa mbele unapungua kidogo. Ukifika kilomita 70 kwa saa na mbele ikaanza kuyumba, sababu mara nyingi ni beringi za kichwa cha usukani zilizolegea, ambazo usukani wa zamani ulikuwa unazificha. Inua gurudumu la mbele, shika shokapu chini, sukuma na uvute. Ukisikia mgongano, zikazwe kwanza.

Neno moja kuhusu mwavuli, ikiwa unao. Nguzo yake isifungwe kwenye usukani huu mpya. Upepo wa Dodoma ukiushika mwavuli mkubwa unaugeuza usukani kwa nguvu ambayo vibano havikutengenezewa. Ufungwe kwenye fremu.

Baada ya kilomita 100 pitia tena bolti zote kwa ndoo ileile ya lita 10, maana rangi na vumbi chini ya vibano hukaa sawa na bolti kulegea. Mabega yaanze kupata nafuu ndani ya wiki mbili. Ganzi ikiendelea mpaka usiku, hata siku ambazo hukupanda pikipiki, nenda hospitali wakapime mshipa huo, kwa sababu ukibanwa muda mrefu vidole vinapoteza nguvu, na ndivyo vidole unavyoshikia gripi.